Weusi mnadani: Msanii aliyejinadi mtandaoni

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili alinijia majuzi akiwa amenuna. Jopo lilikuwa limeikataa mada yake kuhusu sanaa ya mtandaoni. Hoja ilikuwa kwamba pasipo jukwaa wala fanani, hapana sanaa. Nakiri nami nilikuwa miongoni mwa waliotikisa vichwa.

Usiku huo niliitafakari upya kazi ya Keith Obadike, Mmarekani mwenye asili ya Kiigbo, iitwayo Blackness for Sale. Mnamo Agosti 2001, Obadike aliuweka weusi wake kwenye mnada wa eBay, bei ya kuanzia ikiwa dola 10. Hakuweka picha. Aliandika tu orodha ya faida za bidhaa hiyo na maonyo kwa mnunuzi, mathalan kwamba haishauriwi kutumika mahakamani, katika kutafuta kazi au kupiga kura. Mnada ulipangiwa siku 10. Siku ya nne kampuni ikauondoa, eti haufai. Kufikia hapo zabuni zilikuwa 12, ya juu kabisa ikiwa dola 152.50.

Kiswahili kinatusaidia hapa. 'Kunadi' ni kuitangaza bidhaa kwa sauti ili inunuliwe. Leo wanasiasa wetu hunadi sera. Lakini Zanzibar, hadi soko la watumwa lilipofungwa 1873, walionadiwa walikuwa watu, na kinywa kilichowanadi hakikuwa chao. Obadike, kwa Kiswahili chetu, alijinadi. Kiambishi hicho '-ji-' ndicho kiini cha kazi yake: bidhaa imeshika kipaza sauti, nayo inamweleza mnunuzi mambo ambayo dalali angeyaficha.

Basi fanani yupo, tena yumo katika maneno yenyewe. Hadhira nayo ipo: kila aliyetoa zabuni aliitikia, kama wasikilizaji wa ngano wanavyoitikia wimbo. Hata kampuni, kwa kuufunga mnada, iliingia mchezoni bila kujua.

Hata hivyo, nina dukuduku. Mzaha ni kisu chenye makali kuwili. Mtu anaweza kucheka, akaenda zake, asiguswe na lolote. Huenda ndiyo sababu Obadike na mkewe Mendi, ambao hufanya kazi pamoja kwa sauti, video, wavuti na maonyesho ya jukwaani, hawakuganda hapo. Mwaka 2002 walitoa opera ya intaneti, The Sour Thunder. Mwaka 2015 waliugeuza ukuta wa vioo wa jengo la The New School, New York, ukawa spika kwa saa 12, kwa heshima ya James Baldwin. Hapo mpita njia hana cha kununua. Kazi yake ni kusikiliza tu.

Vijana wetu nao wanajinadi kila siku kwenye simu zao: sura, lafudhi, hata vilio vyao. Tukikataa kuwafundisha kuuliza nani ananadi na nani anafaidi, tutakuwa tumewaachia madalali.

Mwanafunzi wangu nimemwambia airudishe mada yake ile ile. Safari hii nitaketi upande wake.