Nyumba ya Mawe ya Lamu na Maneno Yake

Mji wa Lamu una makumbusho mawili yanayohusu maisha ya wenyeji wake wa kale. Yale makubwa, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yamo katika jumba linaloelekea bahari, lililojengwa karne ya 19 na kukaliwa na watawala wa Kiingereza kabla ya uhuru wa Kenya mwaka 1963. Yale madogo yamo ndani ya mitaa, katika nyumba ya mawe ya karne ya 18 iliyotengenezwa ipate kuonekana kama ilivyokuwa ikikaliwa. Katika lile jumba nyumba imetiwa vitu. Katika hii ndogo nyumba yenyewe ndiyo kitu, na kwa mtu wa lugha hii ndiyo yenye faida zaidi.

Si kwamba jumba la bahari ni la kudharauliwa. Siwa mbili, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba, zatosha peke yake kumtoa mtu mbali. Walakini siwa ni kitu cha kusikiwa kabla ya kuonwa. Ilipulizwa kwa ubavu wake katika harusi za waungwana, na ikikaa kimya yabaki kuwa pambo.

Nyumba ndogo haina shida hiyo, maana ukuta husema hata ukiwa kimya. Boriti za mikoko, ambazo urefu wake haupiti sana hatua tatu, ndizo zilizokata upana wa vyumba. Ndipo vikawa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Mtu huanza katika daka, penye mabaraza ya kukalia wageni, akapita tekani, akafika kiwanda kilicho wazi kwa mbingu. Kutoka hapo hupanda kidogo kidogo, msana wa tini, msana wa yuu, hata kufikia ndani, na nyuma yake nyumba ya kati, palipozaliwa watoto na kuoshwa maiti. James de Vere Allen, aliyeyasimamia makumbusho ya Lamu, alieleza katika makala yake ya mwaka 1979 kwamba mpango huu una maana ya heshima na ibada, wala si ujenzi mtupu. Yafaa kuongeza kwamba maana hiyo imo katika majina pia. Neno la kuonyesha mahali tu, “ndani”, limekuwa jina la chumba kimoja na si kingine. Na mgeni aliyeishia barazani miaka 200 iliyopita leo hufika humo kwa dakika mbili, na tiketi mkononi. Makumbusho hayawezi kuepuka jambo hili. Yangeweza tu kumwambia mtazamaji kwamba mahali aliposimama hakupaswa kusimama.

Hapo ndipo hatari ya maneno ilipo. Mtu wa Dar es Salaam akisoma “kiwanda” atatafuta mitambo. Neno ni lile lile “kiwanja”, kwa kuwa penye “nj” ya Kiunguja Kiamu aghalabu husema “nd”, kama “ndia” na “ndaa”. Na “tini” na “yuu” zimesimama mahali pa “chini” na “juu” kwa kanuni zilizo wazi vile vile. Anayeyasahihisha majina haya yafuate Kiswahili sanifu hasahihishi kitu: kiwanja cha sanifu ni cha mpira au cha kujenga, wala hakina kuta nne za nyumba.

Mfano ulio bora ni zidaka. Wingi huu wa “kidaka”, ambao sanifu ingeuandika “vidaka”, ni jina la matundu ya ukutani yaliyopangwa safu juu ya safu na kunakshiwa kwa chokaa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, ayataja madaka ya majumba ya Pate yaliyowekwa visahani, ambayo sasa yamelaliwa na makinda ya ndege. Msomaji aliyepewa fasiri ya “shubaka” huwaza kitundu kimoja cha taa. Aliyesimama mbele ya ukuta wa ndani aona mji mzima wa vitundu, na huelewa ukubwa wa hasara ambayo mshairi aliililia. Maelezo ya chini ya ukurasa hayajaweza kufanya hivyo.

Lakini nyumba hii yanyamazia jambo kubwa. Huonyesha mwungwana na mkewe, na hapana ajuaye kwa kuitazama nani aliyekata matumbawe, nani aliyechoma chokaa, nani aliyeteka maji. Kazi hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa za watumwa, ambao hali yao haikufutwa na sheria katika nchi hiyo mpaka mwaka 1907. Na watu wengi wa mji walikaa katika nyumba za udongo na makuti, ambazo hazikudumu hata zikafanywa makumbusho. Kuonyesha jiwe peke yake ni kukubali hesabu ya mwenye jiwe. Kutwanga, kuteka, kuchoma chokaa na kuezeka makuti kuna msamiati wake wa Kiamu, tena msamiati huo haukuwa wa waungwana peke yao. Nao ungepata nafasi jikoni na kisimani kama zidaka zilivyopata ukutani.