Kihisi cha sukari kinavyosomwa Mitwaba

Kihisi nilichovaa kilitoka Ubelgiji ndani ya begi la mdogo wangu. Huko bima ya afya ilianza kuwalipia watumiaji wengi wa insulini mwaka 2016. Hapa Mitwaba sijaona duka la dawa linalokiuza. Bei yake Ulaya ilikuwa kama euro 60 kwa kimoja, nacho hudumu siku 14, kwa hiyo kukivaa mwaka mzima ni ndoto ya watu wengine. Linalotuhusu sisi ni hili: kimoja au viwili kwa mwaka vinaweza kumfundisha nini mgonjwa wa kisukari aishiye mbali na Lubumbashi?

Aina niliyoitumia ni FreeStyle Libre, iliyoingia sokoni Ulaya mwaka 2014. Unakigandamiza nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Sindano inaingia na kutoka papo hapo, na chini ya ngozi unabaki uzi laini wa milimita 5 hivi. Uzi huo una kimeng'enya kinachovunja glukosi iliyo katika majimaji ya kati ya seli, na uvunjaji huo hutoa mkondo mdogo sana wa umeme. Kihisi hupima mkondo, kisha hukadiria sukari. Damu hakiigusi kabisa.

Hapo ndipo wengi wanapokivunjia heshima bure. Sukari ya damu ikibadilika kwa kasi, yale majimaji huchelewa dakika 5 hadi 15. Kipimo cha kidole kinaweza kusema 95 (kwa mg/dL) na simu inayokisoma kihisi ikasema 120, na kila kimoja kikawa kimesema kweli juu ya kile kinachokipima. Ukiona mshale pembeni ya 120 unaelekea chini, umeshapata jibu: unashuka, na damu imetangulia. Namba bila mshale haina faida kubwa kuliko ile ya stripu.

Ugumu wa Mitwaba uko kwenye simu. Kwanza iwe ile inayosoma kwa kugusishwa, na simu nyingi za bei rahisi hazina uwezo huo. Pili, kihisi hutunza kumbukumbu ya saa 8 tu. Usipokipitishia simu ndani ya muda huo, saa za nyuma zinafutwa. Tunachaji kwa sola. Mawingu ya masika yakikaza, simu inazima jioni na mchoro wa sukari unapata tundu. Nikajipangia hivi: moto wote uliobaki kwenye betri ni wa usiku. Napitisha simu dakika ya mwisho kabla ya kulala, napitisha tena nikiamka, hata kabla ya kuvaa kandambili. Mchana nina macho na kidole. Usiku sina mlinzi mwingine.

Na usiku una uongo wake. Nikilalia upande wenye kihisi, ngozi inabanwa, majimaji yanapungua pale, na mchoro unaporomoka. Saa nane usiku simu ilionyesha 58. Nilichoma kidole, ikatoka 104. Anguko la namna hiyo linatambulika: linakuja ghafla, na ukigeuka ubavu linajirudisha lenyewe bila kunywa chochote.

Sasa chakula. Tonge lilelile la bukari, sombe ileile, samaki yuleyule, lakini mlima unaochorwa si mmoja. Nikianza na bukari, mlima una ncha kali. Nikianza na sombe na samaki, bukari ukafuata, mlima unakuwa mfupi na mpana. Watafiti wa Weill Cornell kule New York walichapisha jambo hilo mwaka 2015, kwa watu 11, wakitumia mkate na juisi ya machungwa. Watu 11 ni wachache, na bukari hawakuwahi kuuona, ila mkono wangu umeshuhudia hivyohivyo. Kutembea baada ya kula nako kulipunguza mlima zaidi kuliko nilivyotarajia. Kinywaji cha munkoyo chenye sukari nyingi sitakisemea. Mchoro wake unaaibisha.

Lakini faida kubwa kwa nchi yetu, kwa maoni yangu, haiko kwenye sahani. Iko kwenye malaria. Daktari huagiza HbA1c, kipimo kinachosoma sukari iliyoshika kwenye chembe nyekundu zinazoishi siku 120 hivi. Malaria huzivunja mapema, na selimundu pia. Chembe changa hazijapata muda wa kushika sukari, basi jibu linatoka zuri kuliko hali ya mgonjwa. Kihisi hakitegemei umri wa chembe. Makubaliano ya kimataifa ya 2019 yanawataka wengi wetu tuwe kati ya 70 na 180 kwa asilimia 70 ya muda au zaidi, na chini ya 70 isifike asilimia 4. Ripoti yenyewe inahitaji angalau asilimia 70 ya kumbukumbu za siku 14, kwa hiyo yale matundu ya betri si jambo dogo.

Malaria pia hubadili mchoro moja kwa moja. Homa hupandisha sukari. Kwinini huchochea kongosho kumwaga insulini, na inaweza kukuangusha ukiwa kitandani. Artesuneti ina hatari ndogo kwa hilo. Dawa nazo zinaweza kukidanganya kihisi chenyewe: vihisi vya zamani vya Dexcom vilidanganywa na parasetamoli. Libre hudanganywa na vitamini C nyingi. Soma boksi lako. Na kama kipimo chako kimetoka Zambia au Tanzania, huenda kinaonyesha mmol: zidisha kwa 18 upate mg.

Ushauri wangu: kivae wiki mbili kabla ya kwenda kwa daktari Lubumbashi, umpelekee mchoro, kisha rudi kwenye stripu, ukipima zile saa ambazo mchoro umezionyesha kuwa mbaya. Stripu zisikuishie hata ukiwa nacho mkononi. Kikisema umeshuka nawe huhisi kitu, choma kidole upesi. Huna stripu, kunywa maji ya sukari. Ukihisi umeshuka nacho kinasema uko sawa, kunywa kwanza, upime baadaye.