Riwaya ya Kitereza Ikisomwa kutoka Mugango

Uhakiki wa riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, umezoea njia mbili. Ya kwanza huifungia Ukerewe, ikawa ghala la mila. Ya pili huitia katika fasihi ya taifa, ikawa kielelezo cha Kiswahili cha bara. Zote mbili huruka hatua ya kati: ukanda wa mashariki ya Ziwa Viktoria, unaotambulika kwa lugha na utamaduni unaoshirikiwa.

Ukanda huo huonekana vizuri Mugango, mwambaoni mwa Musoma, penye wasemaji wa Kikwaya na Kijita. Wanaisimu huziweka lugha hizo, pamoja na Kikara, katika kundi la Nyanza Mashariki. Kikerewe huwekwa na Kihaya na Kizinza. Kwa nasaba, basi, lugha ya Kitereza ni jamaa ya ng'ambo ya magharibi. Kwa ujirani ni ya huku. Hivyo, Myombekere anapodaiwa pombe na wakwe ili arudishiwe mkewe asiyezaa, msomaji wa Mugango hasimami nje akitazama desturi ngeni. Anausoma mgogoro: mapenzi ya wawili dhidi ya madai ya ukoo.

Mtazamo huu hugusa pia mtindo. Kikerewe, sawa na Kijita, hutofautisha wakati uliopita wa karibu na wa mbali kwa viambishi vya kitenzi. Kitereza, aliyekamilisha mswada wa Kikerewe mwaka 1945 na kuutafsiri mwenyewe, alibaki na -li- ya Kiswahili ibebe umbali wote huo. Simulizi inayoonekana kujirudia yaweza kuwa juhudi ya kufidia upungufu huo, wala si ulegevu wa mwandishi.

Hata hivyo, ukanda haumwamulii mwandishi. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe pia, katika Rosa Mistika (1971) alimtoa mhusika wake kisiwani na kumkabidhi kwa shule na mji.

Dai hili litathibitika kwa kulinganisha mswada na toleo la Kiswahili la 1980, ambalo Kitereza, aliyefariki mwaka 1981, hakuwahi kulishika. Gabriel Ruhumbika aliifasiri riwaya kwa Kiingereza mwaka 2002 kutoka Kikerewe. Msomaji wa Kiingereza amesogezwa karibu na chanzo. Mhakiki wa Kiswahili angali anahukumu tafsiri kana kwamba ndiyo asili.