Mlango wa Pili: Juu ya Kusoma Mfululizo kwa Kuanzia Juzuu ya Baadaye

1. Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayozuka kila inapofundishwa riwaya ya Kiswahili ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, limo hili: je, mtu aliyesoma Mzingile ya Euphrase Kezilahabi bila kuanza na Nagona anaweza kuhesabiwa kuwa ameisoma? Jibu lililozoeleka ni kwamba hawezi. Huambiwa arudi nyuma, aanze mwanzo, ndipo atoe maoni yake. Ushauri huo una busara, lakini una madhara pia, kwani humnyamazisha msomaji kabla hajaulizwa alichokiona. Makala haya yanachunguza hoja iliyo nyuma ya ushauri huo. Yanadai kwamba juzuu ya kwanza si lazima iwe mwanzo wa kusoma, na kwamba wajibu wa mhakiki ni kueleza kwa usahihi kinachopotea na kinachopatikana mtu anapoanzia katikati.

Suala hili lina uzito wa pekee mashariki mwa Kongo. Achukuliwe kwa mfano msomaji wa Lusangi, katika eneo la Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema. Kiswahili kilifika huko katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka pwani, wakati Kasongo ilipokuwa ngome ya Tippu Tip na wenzake, nacho kilibaki kuwa lugha ya watu hata baada ya mji huo kutekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Lugha ipo, wasomaji wapo. Lakini riwaya za Kiswahili huchapishwa mbali, hasa Dar es Salaam na Nairobi. Msomaji aliye mbali na miji hiyo husoma kile kilichomfikia. Akipata Mzingile peke yake, ama ataisoma hiyo, ama hatasoma kitu. Kumwambia aisubiri Nagona ni sawa na kumwambia asisome.

2. Aina za mfululizo

Kabla ya kuamua kama inafaa kuanzia juzuu ya baadaye, ni lazima kuuliza mfululizo wenyewe umejengwa vipi. Michezo ya video ya kifantasia, ambayo siku hizi inajulikana na vijana wengi kuliko riwaya, inatoa mifano iliyo wazi. Final Fantasy ilianza Japani mwaka 1987, lakini kwa wachezaji wengi walio nje ya Japani mlango ulikuwa mchezo wa saba, uliotoka mwaka 1997. Hawakupungukiwa na kisa, kwa sababu kwa kawaida kila namba katika mfululizo huo huleta ulimwengu mpya na watu wapya. Kinachorudi ni baadhi ya majina, viumbe na desturi. The Elder Scrolls, ulioanza mwaka 1994, ni wa namna nyingine: mchezo wake wa tano, Skyrim wa mwaka 2011, umo katika ulimwengu ule ule wa michezo iliyotangulia, lakini miaka 200 baada ya matukio ya mchezo wa nne. Mgeni anaweza kujifunza ya kale kutokana na vitabu vilivyotawanywa ndani ya mchezo. The Witcher ni wa namna ya tatu: mchezo wake wa tatu, wa mwaka 2015, unawarudisha watu wale wale pamoja na madeni yao, mapenzi yao na uadui wao, tena watu hao walikwisha kuishi katika vitabu vya Mpolandi Andrzej Sapkowski kabla mchezo wowote haujatengenezwa.

Mifululizo hii mitatu yote ina namba, lakini namba hazina maana moja. Katika wa kwanza namba ni hesabu tu ya vilivyotolewa. Katika wa pili ni kipimo cha wakati. Katika wa tatu ni kumbukumbu ya watu. Basi anayesema "anza na ya kwanza" bila kutofautisha hali hizi hajasema jambo kuhusu kazi yenyewe; amesema tu kwamba moja hutangulia mbili.

3. Bwana Msa na mgeni wake

Fasihi ya Kiswahili ina mfululizo mashuhuri unaofaa kupimwa kwa kipimo hiki, yaani riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka mwaka 1960, ikafuatwa na Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Hizi si riwaya za fantasia. Lakini mbili za kwanza zimebeba majina yanayoahidi fantasia: mzimu katika ile ya kwanza, na katika ya pili Giningi, nchi ya wachawi isiyoonekana kwa macho ya kawaida katika masimulizi ya Visiwani.

Mwandishi amemwekea msomaji mgeni mtu wa kumshika mkono, naye ni Najum. Bwana Msa huona, Najum huuliza. Kwa kuwa Najum huuliza katika kila kitabu, kila kitabu kinamfundisha msomaji wake upya namna Bwana Msa anavyofikiri. Katika muundo huo, hakuna mlango ulio mbaya wa kuingilia.

Hata hivyo, wasomaji wawili walioingia kwa milango tofauti hawasomi kitabu kimoja. Anayeanza na Kisima cha Giningi hajui bado kwamba mpelelezi huyu, mwenye kiko na utulivu wake, hutafuta mkono wa binadamu mahali ambapo wengine wanaona mkono wa pepo. Jina la kisima linamtisha kama linavyowatisha watu wa hadithini. Aliyetangulia kusoma Mzimu wa Watu wa Kale ana kinga dhidi ya hofu hiyo. Anangoja tu kuona safari hii mkosaji ni nani. Hapa aliyechelewa kuingia ndiye aliyefaidi, kwa sababu ameipata hofu ikiwa mbichi. Kinyume chake ni Kosa la Bwana Msa. Neno "kosa" katika anwani hiyo lina uzito kwa yule aliyekwisha kumzoea Bwana Msa akipatia. Anayeanza nayo anasoma anwani ya kawaida tu, kwani binadamu gani hakosi? Kwake yeye kichwa hicho cha kitabu hakijavunja matarajio yoyote, maana hayakuwapo.

Kwa hiyo hasara na faida ya kuanzia katikati haviko mahali pamoja katika mfululizo wote. Ni juu ya mhakiki kuvitaja kitabu kwa kitabu.

4. "Mzee mmoja" na "yule mzee"

Suala hili lina upande wake wa kiisimu. Kiswahili hutofautisha waziwazi kati ya kumleta mtu mpya katika masimulizi na kumrejelea aliyekwisha kujulikana. Anayesema "palikuwa na mzee mmoja" anakiri kwamba msikilizaji hamjui mzee huyo. Anayesema "yule mzee" anadai kwamba msikilizaji anamjua. Juzuu ya baadaye ina ruhusa ya kuanza na "yule". Jina la mtu likitajwa bila maelezo hufanya kazi hiyo hiyo.

Je, msikilizaji asiyemjua "yule" hukwama? Mazungumzo ya kila siku yanaonyesha kwamba hakwami. Mtu anayefika barazani watu wakiwa wamekwisha kuanza kuzungumza husikia "yule bwana", "ile safari", "yale maneno ya juzi". Haombi mazungumzo yarudiwe. Huketi, humtengea "yule bwana" nafasi tupu akilini, na kila sentensi inayofuata huijaza nafasi hiyo kidogo kidogo. Baada ya muda naye huchangia. Uwezo huu ni sehemu ya kuijua lugha, na msomaji huuchukua uwezo huo huo kwenda nao kitabuni.

Lakini uwezo huu una mpaka, na mpaka huo unaonekana vizuri katika riwaya za Kezilahabi. Nagona (1990) na Mzingile (1991) zote mbili zinasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na msimulizi hatajwi jina. Neno "yule" humjulisha mgeni kwamba kuna jambo asilolijua. Neno "mimi" halimjulishi chochote. Aliyesoma riwaya zote mbili hujiuliza kama "mimi" wa Mzingile ni yule aliyesafiri katika Nagona kupitia mahali pa ukimya, akakutana na wanafikra kama Plato, Nietzsche na Marx, na kungojea kuzaliwa kwa mkombozi wa pili. Aliyesoma Mzingile peke yake hajiulizi swali hilo, kwa maana hana sababu ya kuligundua. Hii ndiyo hasara halisi, nayo ni nzito kuliko kutojua visa vilivyopita: amekosa swali, wala hajui kuwa amelikosa.

5. Juzuu ya kwanza isiyochapishwa

Hasara hiyo ikishakubaliwa, haki inataka faida nayo itajwe. Mzingile inaanza na kuzaliwa kwa ajabu kwa Kakulu, mtoto asiyekuja duniani kama watoto wengine. Mhakiki aliyetoka Nagona huelekea kuona katika kuzaliwa huko mwendelezo wa kungojewa kwa mkombozi. Msomaji wa mashariki mwa Kongo anaweza kuona jambo jingine. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, shujaa huzaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, naye hubishana na baba yake Shemwindo tangu siku za mwanzo. Walega, ambao sehemu yao wanaishi Maniema, nao wana tendi zao za mashujaa. Aliyekulia karibu na masimulizi ya namna hii, akifungua Mzingile kwa mara ya kwanza, hayuko ugenini. Amekwisha kumjua mtoto wa aina ya Kakulu. Juzuu yake ya kwanza haikupigwa chapa, lakini ipo, na huenda inamwonyesha asili ya kisimulizi ambayo aliyefuata namba za vitabu anaipita haraka.

Utendi huo wa Mwindo una funzo jingine linalohusu mada hii moja kwa moja. Matini yake inayojulikana zaidi ilisimuliwa na mtambaji Shekarisi Rureke kwa siku 12 katika mwaka 1956, ikachapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Rureke hakuwa na desturi ya kuusimulia utendi mzima mfululizo, toka mwanzo hadi mwisho. Katika mazingira yake ya kawaida mtambaji huchagua sehemu, leo hii, kesho ile. Ukamilifu uliomo kitabuni ulipatikana kwa kuwa watafiti waliuomba. Hadhira ya Kinyanga, basi, ilizoea kukutana na Mwindo akiwa katikati ya safari zake, na hakuna aliyesema kwamba hadhira hiyo haikumjua Mwindo. Ilimjua kwa kumkuta mara nyingi, mahali pengi.

Isidhaniwe kwamba riwaya na utendi ni kitu kimoja. Hadhira ya mtambaji inaweza kumuuliza jirani. Msomaji aliye peke yake hana wa kumuuliza. Usiku mwingine sehemu nyingine itasimuliwa. Juzuu iliyokosekana inaweza isifike kamwe. Tofauti hiyo haimpi mwalimu sababu ya kumfukuza msomaji wa juzuu moja. Inampa sababu ya kukaa mahali pa yule jirani.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba namba za mfululizo hazina maana moja. Kwamba Bwana Msa amejengwa kwa namna inayompokea mgeni karibu popote, isipokuwa pale ambapo kitabu kinacheza na sifa aliyokwisha kuipata. Na kwamba Mzingile inaweza kusomwa kwanza, ingawa swali moja kubwa, la kuwa "mimi" ni nani, litabaki limefichika mpaka Nagona ipatikane.

Katika ufundishaji, haya yanadai mambo mawili. La kwanza, mwanafunzi aliyeanza na juzuu ya baadaye aruhusiwe kuandika alichokiona kabla hajaelezwa yaliyotangulia, na andiko hilo lihifadhiwe. Atakapoisoma juzuu ya kwanza hataweza tena kuisoma ya pili kama mgeni, na ushahidi wa usomaji wake wa awali utakuwa umepotea. La pili, kila mhakiki aseme ameingilia mlango gani. Wengi waliosoma kwa kufuata namba huandika kana kwamba usomaji wao hauna mahali ulipoanzia, hali nao wana mlango wao, wenye faida na upofu wake.

Msomaji wa Lusangi mwenye Mzingile peke yake mkononi hana budi kutafuta Nagona, na maktaba za vyuo hazina budi kumsaidia aipate. Lakini wakati anaingoja, anachokisema kuhusu Kakulu kisikilizwe kama uhakiki.