Mfalme Edipode: Ni Nani Aliyekosa?



Hapa Muhumba tumesoma kitabu kimoja kwa sauti, jioni baada ya kazi, kila mtu kwa zamu yake. Ni mchezo wa kuigiza, jina lake Mfalme Edipode. Mtungaji ni Sophocles, Mgiriki wa kale, na mchezo wenyewe una miaka zaidi ya 2,400. Samuel Mushi aliufasiri kwa Kiswahili, ukatolewa mwaka 1971. Tulipokifunga kitabu tulianza kubishana, na mabishano hayo ndiyo nitakayo kuwasimulia, maana yalinilazimisha kukisoma upya.

Habari yake ni hii. Tauni imeingia mji wa Thebes. Watu wafa, mashamba hayazai. Jibu latoka Delphi kwamba mwuaji wa Laius, mfalme wa zamani, yumo mjini bado, naye aondolewe. Edipode, mfalme wa sasa, amlaani mwuaji huyo mbele ya watu wote, kisha aanza upelelezi. Kila shahidi aja na kipande kimoja tu cha habari. Mwisho vipande vyaungana, na mpelelezi ajikuta yeye mwenyewe ndiye mwuaji. Laius alikuwa baba yake. Na Jocasta, mkewe, ndiye mama aliyemzaa.

Kijana mmoja wa kwetu, mpenzi wa vitabu vya Bwana Msa, alisema: “Mimi nilikwisha kutambua katikati. Upelelezi gani huu?” Neno lake lina haki kidogo. Tena ni ajabu kwamba Edipode alikaa miaka mingi pale mjini asiulize vizuri jinsi mfalme aliyemtangulia alivyokufa. Lakini Wagiriki waliokwenda kuutazama mchezo waliijua hadithi yake mapema, na hata hivyo walitetemeka. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla cha mwaka 1960, twamngoja Bwana Msa atufunulie tusiyoyajua. Hapa sisi twajua, Edipode hajui, na kila hatua yake twatamani kumshika mkono asiendelee. Aristotle aliusifu mchezo huu kwa sababu hiyo hasa: mjumbe wa Korintho aja kumwondolea mfalme hofu, kumbe neno lilo hilo ndilo linalomwangamiza.

Mama mmoja muuza sambaza alimtetea Jocasta. Huyu atambua siri kabla ya mumewe, naye amsihi asiulize tena. “Ana haki,” alisema mama yule. “Kuna nyumba zinazosimama kwa sababu ya mambo yasiyosemwa.” Mzee mmoja akamjibu: “Mama, mji unakufa! Asipouliza, ni watoto wa wengine watakaozikwa.” Mzee wa pili akamlaumu mchungaji aliyeagizwa kumtupa mtoto mlimani, akamhurumia, akampa mwenzake wa Korintho. “Huruma yake ndiyo iliyoleta maafa yote.” Hapo tukanyamaza. Nani angethubutu kumwambia mtu amwache mtoto mchanga afe mlimani, miguu yake imetobolewa?

Basi, kwa maoni yangu, sote tulipita upesi mno ukurasa mmoja. Edipode alilelewa Korintho na mfalme Polybus na mkewe Merope, nao walimpenda kweli. Siku moja, karamuni, mlevi akamwambia kwamba yeye si mtoto wa baba yake. Kesho yake kijana akawauliza wazazi. Wao wakamkasirikia mlevi, wala hawakumwambia mtoto ukweli. Akatulia kidogo, lakini neno lile likamtafuna moyoni. Akaondoka kwa siri kwenda Delphi kuuliza. Akaambiwa kwamba atamwua baba yake na kumwoa mama yake. Kwa kuogopa asiwadhuru Polybus na Merope hakurudi kwao tena. Akashika njia ya Thebes, na penye njia panda akakutana na Laius.

Angalieni basi. Kama wazazi wale wangalisema, “Hatukukuzaa, tulikupokea, nawe u mwana wetu,” asingalikuwa na sababu ya kuwakimbia. Jocasta asema usiulize wakati siri imekwisha kufika mlangoni. Wale wa Korintho walikuwa na nafasi bado, wakaipoteza kwa ajili ya upendo. Hapo ndipo Sophocles anapotuuma: waliotenda uovu na waliotenda wema walificha sawasawa.

Nasi Bukavu neno hili latugusa. Tangu mwaka 1994, wakimbizi walipoujaza mji wetu, na baada ya vita vya 1996 na 1998, wako wazazi wengi waliolea watoto wasiowazaa. Wengine waliwaambia. Wengine wangali wakingoja siku njema.

Niliposema hayo, mama yule aliyemtetea Jocasta alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza: “Mwalimu, mtoto huambiwa akiwa na miaka mingapi?” Hakuna aliyemwuliza kwa nini ataka kujua.

Umri sikuweza kumtajia. Nilimjibu neno moja nililolipata kitabuni, nanyi nawaachia lilo hilo: alisikie kwako, Mama, kabla hajalisikia kwa mlevi.