Wakia Moja ya Marisau

Asiyezoea bunduki akisikia kuna ya 12 na ya 16 hudhani ya 16 ndiyo kubwa. Ni kinyume. Hesabu hiyo ilianza enzi za risasi za duara: ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa tufe 12 zilizo sawa, mtutu unaopitisha tufe moja barabara ndio wa 12, na upana wake ni milimita 18.5. Ratili hiyohiyo ikigawanywa tufe 16, kila tufe inapungua, na mtutu unabana hadi milimita 16.8. Na kwa kuwa ratili ni wakia 16, tufe ya bunduki ya 16 ina uzito wa wakia moja kamili, gramu 28 na ushei. Mwindaji wa bata akiijaza wakia hiyohiyo ya marisau, yanakaa ndani ya kartushi kwa fungu fupi, kimo chake hakizidi sana upana wake. Fungu fupi halibanwi mno baruti inapolisukuma. Punje chache hubonyea, nyingi hutoka zikiwa duara na kufika pamoja. Punje iliyobonyea hupotea njiani.

Naisifu bunduki hii kwa sababu humlazimisha mtu awe mwindaji kweli. Haimpi marisau ya ziada ya kubahatisha nayo.

Huku Nundu, eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, kati ya Ziwa Tanganyika na milima inayopanda kwenda Itombwe, bunduki ya 16 ni adimu. Watu wanaijua ya 12, na kabla yake gobori, ambalo Wakongomani wengi huliita pupu. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa gumegume, zile za jiwe na mtutu laini. Mafundi wa Liège, Ubelgiji, walikuwa wakiunda silaha za aina hiyo kwa wingi kwa ajili ya soko la Afrika. Mji huohuo uliunda za 16 nzuri sana, maana Wabelgiji, Wafaransa na Wajerumani waliipenda 16 kuliko Waingereza walivyoipenda. Huko Marekani 16 ilififia zaidi kwa sababu mashindano ya kulenga visahani yaliwekwa kwa ajili ya 12, 20, 28 na 410, nayo ikaachwa nje. Bunduki isiyo na mashindano haiuziwi kartushi nyingi, na isiyo na kartushi hainunuliwi. Ubora wake haukuhusika hata kidogo.

Nimeishika moja, mali ya mzee wa hapa kwetu, yenye mitutu miwili ubavu kwa ubavu. Ukiifungua na kuitoa mitutu kwenye kitako chake, chini ya chuma unakuta herufi ELG ndani ya umbo la yai lililovikwa taji. Ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège, kuthibitisha kwamba mitutu ilijazwa baruti kupita kawaida, ikafyatuliwa, na haikupasuka. Kando yake kuna umbo la almasi lenye C na 16. Pale mkono wa kushoto unaposhika, rangi ya bluu ya chuma imelika hadi pakawa peupe. Fundi W. W. Greener wa Birmingham alikuwa na kanuni kwamba bunduki iwe na uzito mara 96 ya uzito wa marisau yake. Kwa wakia moja hiyo ni kilo 2.7. Hii ya mzee haiko mbali na hapo, na ndiyo maana mtu wa umri wake anaweza kutembea nayo topeni bila bega kuuma.

Jambo moja lazima lisemwe kwa anayerithi bunduki kama hii. Chemba za zamani za 16 zilikuwa na urefu wa milimita 65, na kartushi za siku hizi ni za milimita 70. Kartushi ndefu huingia vizuri kabisa kwenye chemba fupi, na hapo ndipo hatari ilipo: mdomo wa ganda ukifunuka unakosa nafasi, na nguvu ya baruti inapanda kuliko chuma kilivyopimwa kuibeba. Mpe fundi apime kwanza.

Basi tuende kwa bata. Wanaotujia zaidi ni bata wa miluzi, wenye uso mweupe na shingo ndefu, wanaopiga mluzi wa sauti tatu hata usiku wa manane. Wanakula mbegu kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga, wanapumzika kwenye matete ya midomo ya mito, kama pale Mutambala inapomwagika ziwani karibu na Baraka. Bata hutua akielekea upepo, kwa hiyo mwindaji humpa upepo mgongo. Alfajiri upepo wetu unashuka kutoka milimani kwenda majini, ukitaka bata wakujie uso kwa uso lazima utazame ziwa. Lakini sisi tuko ufuko wa magharibi. Jua linatoka upande wa Rumonge, ng'ambo ya ziwa, moja kwa moja machoni pako. Mwindaji wa Nundu ana nafasi fupi sana, kati ya mwanga wa kwanza na jua kupanda juu ya maji, na ndani ya nafasi hiyo hana budi awe amekwisha kukaa, ametulia, amefunika uso.

Halafu kuna hesabu ya hewani. Bata anayepita kwa kilomita 60 kwa saa anakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Marisau yanahitaji takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika umbali wa mita 30. Ukimlenga bata mwenyewe, yanapita mita moja na zaidi nyuma ya mkia. Mzee halengi. Anaanza na mdomo wa mtutu nyuma ya ndege, anaupitisha mwilini, mdomoni, anavuka, na anafyatua mtutu ukiwa bado unakwenda. Anayesimamisha mkono ili aone vizuri hukosa. Bunduki nyepesi ya 16 inaanza mwendo upesi, ila ndiyo rahisi zaidi kusimama nayo, kwa hiyo inadai mkono uliofundishwa.

Zaidi ya mita 30 mzee hafyatui kabisa. Marisau yanakuwa yametawanyika, bata anajeruhiwa na kwenda kufia kwenye matete ya mbali. Nimemwona akiliacha kundi zima lipite juu kidogo tu, kidole kikiwa nje ya kifyatuo, na uso wake haukuonyesha kujuta. Uwezo huo wa kuacha ndio ninaouheshimu kuliko shabaha yake.

Uhaba nao unafundisha. Kartushi za 16 hazipatikani madukani, mzee ana maganda ya shaba anayoyajaza mwenyewe mezani. Anasukuma fataki iliyokufa itoke, anabana mpya, anapima baruti kwa kikombe chake kilekile, anakaza kifuniko cha kadibodi, kisha sufu ngumu, kisha marisau, kisha kadibodi nyingine, na kuziba mdomo kwa nta. Baruti nyeusi na ya kisasa hazipimwi kwa kipimo kimoja. Anayezichanganya anacheza na vidole vyake. Mtu aliyeijaza kartushi kwa mikono yake haifyatui ovyo.

Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali, na silaha yenyewe ina sheria yake ya 1985. Naziunga mkono zote mbili, hasa huku Fizi. Vita vya 1996 na 1998 vimewafanya watoto wetu watofautishe milio ya silaha kabla hawajajua kusoma. Mlio ukitoka kwenye matete alfajiri, kuna nyumba zinazofunga virago. Mzee huwaarifu majirani jioni ya kuamkia siku ya kuwinda, nyumba kwa nyumba, na kwangu mimi hiyo ni sehemu ya ufundi sawa na kupima baruti.

Kinachobaki kubadilishwa ni marisau yenyewe. Bata humeza punje za risasi wakidhani ni changarawe ya kusagia chakula, wanakufa kwa sumu. Marekani iliyapiga marufuku marisau ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwenye maeneo oevu mwaka 2023. Marisau ya chuma yanaumiza mitutu ya zamani, tena ni mepesi mno kwa wakia moja. Bismuthi ni laini, ina uzito wa karibu gramu 9.8 kwa sentimita ya ujazo ukilinganisha na 11.3 wa risasi, na inafaa mtutu wa ELG. Ni ghali. Lakini mzee hufyatua mara mbili au tatu kwa asubuhi moja, na kwa matumizi hayo gharama ya bismuthi inabebeka kwa mtu wa 16 kuliko kwa mwindaji mwingine yeyote.