Sifa ya Fundi wa Bodi

Kwa muda wa miezi miwili, kila asubuhi nilipoiwasha kompyuta mpakato yangu mjini Lodwar, kabla sijaona picha yoyote ya kunikaribisha, kioo kilikuwa cheusi na maandishi meupe yakatokea kunijulisha kwamba programu dhibiti inasasishwa na kwamba nisiizime mashine. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa, ukafika mahali si mbali na ulikoanzia, ukatoweka. Kisha mashine ikajizima, ikajiwasha, ikafanya kazi mchana kutwa kama isiyo na neno. Kesho yake yakawa yale yale. Niliwauliza watu, nao kwa wema wao wakanipa shauri moja, kwamba bayosi, yaani hiyo programu dhibiti, ifutwe na kuandikwa upya, mambo yaishe. Nashukuru kwamba sikuwa na ujasiri wa kulifuata shauri hilo, maana ningeukosa ujuzi ninaotaka kuusifu hapa.

Katika kila kompyuta pana ubao mama, ambao mafundi wetu huuita bodi, na juu ya bodi pana chipu yenye miguu minane, aghalabu haizidi ukucha wa kidole cha mwisho, iliyohifadhi maagizo ya awali kabisa: namna ya kuiamsha kumbukumbu, namna ya kuitambua diski, na namna ya kuukabidhi mtambo kwa mfumo endeshi. Katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 maagizo hayo yalitiwa katika chipu isiyoandikika tena, na aliyetaka kuyabadilisha hakuwa na budi kuing'oa na kutia nyingine. Katika miaka hiyo ya 1980 Mjapani Fujio Masuoka, akiwa katika kampuni ya Toshiba, akavumbua kumbukumbu inayofutika kwa umeme kwa mkupuo, na baadaye bodi ikaweza kurekebishwa bila bisibisi kuigusa. Neema hiyo ilikuja na hatari yake. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kiitwacho CIH kilifuta maagizo hayo katika kompyuta nyingi za ulimwengu, nazo zikawa mfano wa mtu aliyesahau kuvuta pumzi. Na umeme ukikatika katikati ya kuandika, huweza kuleta msiba uo huo pasipo adui yeyote.

Kwetu Turkana hatari hiyo ina uzito wa pekee. Bwawa la Turkwel, lenye uwezo wa megawati 106, lilikamilika mwaka 1991, walakini umeme wake ulivutwa hadi Lessos, na Lodwar ikaendelea kwa miaka mingi kutegemea majenereta ya dizeli. Fauka ya hayo liko joto, ambalo huzizeesha betri za lithiamu kabla ya wakati wake, zikavimba na kuinua vitufe vya kompyuta kutoka chini; basi wengi wetu huitoa betri na kuitumia mashine kwa chaja peke yake. Mimi nami nilifanya hivyo, wala sikuliwazia tena.

Fundi niliyeelekezwa kwake ni Mkongomani aishiye katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 karibu na mto wa msimu wa Tarach kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, na ambayo leo ni mji wenye masoko na shule zake. Mkimbizi hatoki kambini pasipo hati ya ruhusa. Kwa hiyo ikanipasa mimi kwenda, takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, nikiwa nimeipakata mashine mapajani kama mtoto ili mitikisiko ya njia isiidhuru. Duka lake ni la mabati, na jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kuniuliza neno, ni kuufunga mlango, kwa kuwa upepo ulikuwa ukivuma na vumbi.

"Papa," akaniambia kwa Kiswahili cha kwao Kivu, "betri yake iko wapi?"

Nikamjibu kwamba niliitoa tangu ilipovimba, na kwamba haihusiki, maana mashine hufanya kazi vizuri kwa chaja.

"Ni mashini ndiyo ilikuambia vile?" akauliza kwa upole.

Akaiwasha kompyuta kwa fleshi yenye mfumo wa Linux, akafungua jedwali ambamo bodi huandika matokeo ya jaribio la mwisho la kusasishwa, akanionyesha tarakimu moja: 7. Katika kanuni walizoafikiana waundaji, sufuri maana yake kazi imefaulu, 5 maana yake sahihi ya sasisho haikuthibitika, 6 maana yake chaja haikuchomekwa, na 7 maana yake betri haina nguvu ya kutosha. Kumbe bodi ilikuwa ikitoa jibu kila asubuhi, jibu la haki, maana haikuthubutu kuanza kujifuta ilhali umeme ukikatika haina pa kuegemea. Na mfumo endeshi, kwa kuona kwamba namba ya toleo haijabadilika, ukaiandalia amri ile ile tena. Mlikuwamo ndani ya mashine yangu mjumbe mtiifu na mlinzi mwaminifu, kila mmoja akitimiza wajibu wake, na lililokosekana ni mtu wa kusikiliza maneno yao. Laiti ningaliufuata ushauri wa kuandika upya kwa nguvu, ningalimwondoa mlinzi katika zamu yake.

Nilidhani sasa atanipatia betri nyingine na kuniaga. Hakufanya hivyo, na hapa ndipo staha yangu kwake ilipozidi. Alisema kwamba sasisho ni la lazima, kwani kasoro za usalama kama zile za Spectre zilizotangazwa Januari 2018 huzibwa kwa sehemu kwa njia hiyo. Ila hakuna kuandika kabla ya kuhifadhi yaliyoandikwa. Akafungua skrubu za mgongo, akapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, akaisoma chipu kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu ziko za volti 3.3 na ziko za volti 1.8, na anayeipa ya pili haki ya ya kwanza huiunguza. Kisha akaibana kwa kibanio chenye nyaya nane na kunakili yote yaliyomo: megabaiti 16, yaani baiti 16,777,216. Akakitoa kibanio, akakirudisha, akanakili mara ya pili, akazilinganisha nakala mbili.

Hazikulingana. Kwa jicho langu kibanio kilikuwa kimekaa vyema, na kifaa cha kusomea hakikutoa lalamiko lolote. Mtu mwenye haraka angaliichukua nakala ya kwanza na kuiamini. Yeye akaisafisha miguu ya chipu kwa spiriti, akangoja ikauke, akanakili mara ya tatu na ya nne, na hizo zikawa sawa tangu baiti ya kwanza hadi ya mwisho. Nilipomtazama niliwakumbuka waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ambao katika karne ya 18 na ya 19 walinakili misahafu kwa mkono. Katika kazi ile, nukta moja ikihama juu ya herufi, neno huwa jingine. Sidhani kama fundi huyu aliwahi kusikia habari za Siyu, lakini kwangu mimi ni wa ukoo wao, kwa kuwa naye huihofu herufi moja kama wengine waihofuvyo hasara ya mali.

Betri aliipata katika mpakato uliokufa wa namna ile ile, akaichaji kwa umeme wa paneli zake za jua, maana waya aliouvuta kutoka kwa jenereta ya jirani hakuuamini kwa shughuli hii. Tukangoja hadi alasiri. Betri ilipojaa akaichomeka, akachomeka na chaja, akaiwasha mashine, kisha akaondoa mikono yake yote miwili mezani na kuiweka magotini. Kijana aliyekuja kununua kebo ya simu aliombwa asubiri nje. Mstari ukatambaa, ukafika pale ulipozoea kutoweka, ukapita. Kwa dakika nne hakuna aliyesema neno, na feni ya mashine ikavuma kwa nguvu kuliko nilivyopata kuisikia.

Jedwali lilipofunguliwa tena lilionyesha sufuri. Fundi akaitia ile nakala ya zamani katika fleshi, akaandika tarehe kwenye kipande cha karatasi, akakifunga kwa uzi, akaitumbukiza katika kopo la maziwa ya unga, ambamo mlikuwamo nyingine nyingi zenye vikaratasi vyake.

"Hii nitakuchungia, papa," akasema, akaufungua mlango.